Nyumba za kale Lamu zawafunza wajenzi kupambana na joto

WAJENZI wa pwani wanaotegemea viyoyozi kupunguza joto wangefaidika kutembelea Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutangaza kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001.

Kuta za nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba joto la mchana huchelewa kupenya. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vilijengwa vyembamba na virefu. Ndani huachwa kiwanda, yaani ua usioezekwa, ambapo hewa yenye joto hupanda na kutoka huku vyumba vikipata mwanga. Nje, nyumba zilizosongamana hutiliana kivuli vichochoroni.

Ajabu ni kwamba baadhi ya wanaokarabati nyumba kama hizi hupiga plasta ya saruji juu ya kuta za chokaa. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huufungia ndani, na chumvi huanza kuula ukuta polepole. Mwenye nyumba akija kugutuka, plasta imebambuka na jiwe limelika.

Hata hivyo, si yote ya kale yafaayo kuigwa. Matumbawe yakivunjwa baharini samaki hukosa makao, na mikoko ikikatwa ovyo ufuo hubaki bila kinga. Kinachoweza kuhamishiwa Malindi au Mombasa bila kuidhuru bahari ni ramani yenyewe: ukuta mzito, ua wa ndani na madirisha yanayoukabili upepo.