Kupima Masafa ya Lahaja kwa Tarakilishi

Wataalamu wa lahaja wamezoea kuchora mipaka ya sauti juu ya ramani: upande huu husemwa njia, upande ule husemwa ndia. Mchoro wa namna hiyo huonyesha mahali tofauti ilipo, lakini hauelezi kama tofauti hiyo imeletwa na umbali, na bahari, au na asili ya wakaaji. Kwa swali hilo yahitajika hesabu.

Jean Séguy aliijaribu hesabu hiyo huko Gascogne, Ufaransa. Mwaka 1971 alilinganisha umbali baina ya vijiji na tofauti za msamiati wao, akaona kwamba tofauti huongezeka kadiri umbali unavyozidi, ila ongezeko hilo hupungua kasi masafa yakiwa marefu. Mwaka 1995 Brett Kessler alitumia kipimo cha Levenshtein katika lahaja za Kigaeli cha Ireland. Kipimo hicho huhesabu sauti au herufi zinazopasa kubadilishwa, kuongezwa au kuondolewa ili neno moja ligeuke jingine. Toka njia hadi ndia ni hatua moja tu.

Shida huanza katika kupima umbali wenyewe. Programu za ramani zilizo tayari hupima kwanza mstari ulionyooka. Toka Lamu hadi Mombasa mstari huo ni takriban kilomita 240. Katika visiwa vya Lamu, hata hivyo, hupita juu ya mikoko na maji yasiyovukika. Mashua ziendazo Pate hupitia mkondo wa Mkanda, nao hupitika maji yakijaa. Mtafiti asiyelizingatia jambo hilo aweza kuihusisha tofauti ya Kiamu na Kipate na asili ya watu, kumbe sehemu yake imetokana na ugumu wa safari.

Ndiyo sababu yafaa mtafiti ajiundie chombo chake. Kwa Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, maagizo machache yatosha: kusoma orodha ya vijiji na maneno, kuviweka vijiji vyote katika mfumo mmoja wa vipimo, kuorodhesha njia za maji na za nchi kavu pamoja na muda wa kila moja, kutafuta njia fupi kwa kanuni ya Edsger Dijkstra ya mwaka 1959, kisha kulinganisha muda huo na tofauti za maneno.

Hatua ya pili isidharauliwe. Ramani za Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilijengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya setilaiti hutumia WGS 84. Kuichanganya mifumo hiyo bila kuigeuza hukisogeza kijiji karibu mita 300, na pwani huko kwaweza kuwa kukitosa baharini.

Tarakilishi haiwezi kujua kama ndia ilitamkwa na mwenyeji au na mgeni. Hiyo ni kazi ya mtafiti. Lakini maagizo yakichapishwa pamoja na orodha ya maneno, msomi mwingine aweza kuyafuata hatua kwa hatua, akayapinga au akayasahihisha. Ramani tupu haimpi nafasi hiyo.