Mviringo, Bapa au Mfuko: Umbo la Seli Ndani ya Betri ya Haibridi

Honda Insight ya mwaka 1999 na Toyota Aqua iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2011 zina betri zinazolingana kwa hesabu. Kila moja ina seli 120 za nikeli, sita sita katika mafungu 20, na jumla yake ni volti 144. Fungua mfuniko, ndipo utaona tofauti. Za Insight ni mviringo, unene wake ule ule wa betri kubwa za redio, zimeungwa kichwa kwa mkia zikawa vijiti. Za Aqua zimo ndani ya maboksi bapa ya plastiki, yamesimama wima na kubanwa pamoja.

Betri ya haibridi ni ndogo lakini hainyamazi. Ya Aqua haifiki hata kilowati-saa moja, ilhali Nissan Leaf ya kwanza, ambayo haina injini ya mafuta, ilibeba 24. Ukikanyaga breki, betri hiyo ndogo inamezeshwa umeme mwingi kwa sekunde chache; ukiongeza mwendo, inautema. Hivyo kutwa nzima mjini. Adui yake basi ni joto, na umbo la seli ndilo linaloamua joto litatokea wapi.

Ndani ya seli ya mviringo, elektrodi zimeviringishwa kama mkeka na kutiwa katika kopo la chuma. Gesi ikizalika, shinikizo husambaa sawasawa pande zote na kopo halivimbi. Uimara huo hakuna umbo lingine linaloufikia. Tatizo ni kwamba joto la katikati lazima livuke tabaka zote ndipo litoke, na kadiri seli inavyokuwa nene ndivyo safari inavyorefuka. Tena mviringo hupoteza nafasi: zikipangwa safu kwa safu, hata zikigusana, zaidi ya sehemu moja ya tano ya boksi hubaki hewa tupu. Si hasara yote, maana feni hupitishia upepo humo humo.

Toyota nao walianzia hapo. Prius ya Desemba 1997 ilikuwa na seli 240 za mviringo, volti 288. Mwaka 2000, gari hilo lilipoanza kuuzwa nje ya Japani, seli zilikuwa zimegeuzwa bapa na kupungua hadi 228. Prius ya kizazi cha pili, ya 2003, ilishuka hadi 168 na volti 201.6, ikisaidiwa na kifaa kinachopandisha volti hadi 500 kabla umeme haujafika kwenye mota. Jambo ambalo wengi hawalitaji, nami naliona kubwa kuliko yote, ni kwamba katika toleo hilo seli jirani ziliungwa sehemu mbili badala ya moja. Ukinzani ukapungua. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto kwenye kiungo huongezeka mara nne. Kwa hiyo betri yenye viungo zaidi ya mia haiwezi kudharau hata kimoja.

Bapa nayo ina udhaifu wake: ukuta ulionyooka husukumwa nje na shinikizo. Ndiyo maana maboksi ya Prius na Aqua hubanwa kwa bamba nene huku na huku na kukazwa kwa vyuma virefu. Fundi akilitoa boksi moja na kulichaji bila kulibana, hutuna, na kulirudisha mahali pake huwa kazi.

Umbo la tatu ni mfuko wa karatasi ya alumini na plastiki. Hyundai Sonata ya haibridi ya 2011 ilitumia mifuko 72 ya lithiamu kupata volti 270. Seli moja ya lithiamu hutoa takriban volti 3.7, ya nikeli 1.2 tu. Mfuko ni mwepesi, na joto hutokea kwenye uso wake mpana bila shida. Lakini hauna mifupa. Gesi ikijaa unavimba, mshono ukilegea umekwisha, kwa hiyo hutengenezewa fremu ya kuushikilia, na fremu hiyo hurudisha sehemu ya uzito uliookolewa.

Kwa haibridi ndogo naipa bapa ushindi, kwa sharti moja: hewa ipite. Nafasi kati ya maboksi ni nyembamba mno, na feni ya Aqua huvuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Kwenye barabara za vumbi tundu hilo huziba bila dereva kujua. Maboksi ya katikati, yaliyozungukwa na joto la wenzake, kwa kawaida ndiyo hutangulia kufa. Kisha taa ya onyo inawaka, mashine ya fundi inasoma msimbo wa hitilafu P0A80, na mwenye gari anaambiwa betri nzima imekwisha. Wakati mwingine ni maboksi mawili tu, au vipande vya shaba vinavyoyaunganisha vimeota kutu ya kijani.

Ukinunua haibridi iliyotumika, mwambie fundi akuoneshe feni na kichujio chake kabla hujalipa, na baadaye kisafishwe kila gari linapofanyiwa sevisi. Betri yenyewe usiifungue. Hata plagi ya usalama ikichomolewa, seli hubaki na umeme wake, na volti 144 zinaua.