Milima ya Masasi na Newala Nayo Yadai Ulinzi

Mlima ukitajwa katika nchi yetu, fikra za wengi hukimbilia Kilimanjaro. Si ajabu. Kilele cha Kibo kina urefu wa mita 5,895, nacho kimo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1973, yenye askari wake, fedha zake na wageni wake. Lakini ipo miinuko mingine isiyokuwa na lango wala mlinzi, ambayo wananchi wengi huishi kwa maji yake. Miongoni mwayo ni ile ya Masasi na Newala, mkoani Mtwara.

Masasi imezungukwa na vilima vya mawe matupu, vilivyochomoza peke yake katika tambarare. Mtandi ni mmojawapo. Mkomaindo ni mwingine, na jina lake limepewa hospitali ya wilaya. Upande wa mashariki kuna Uwanda wa Makonde, unaopanda polepole kutoka pwani hadi kukaribia mita 900 huko Newala, kisha ghafla ukakatika kwa mteremko mkali. Hapo ndipo penye Shimo la Mungu. Mtu akisimama ukingoni hulitazama bonde la Ruvuma likienea chini yake mpaka upande wa Msumbiji.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kuwa habari hizi ni za mbali nao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani, akiwapeleka bara kuelekea Ziwa Nyasa. Hawakufika huko. Walipoiona Masasi wakaridhika nayo, wakajenga chini ya vilima vyake. Mwaka 1882 wavamizi wa Kingoni waliuteketeza mji huo, na wamisionari wakahamia Newala, juu ya uwanda, mahali ambapo wenyeji walikwisha kupajua kuwa ni ngome dhidi ya wavamizi na wafanya biashara ya watumwa.

Lakini ngome ile ilikuwa na gharama yake, nayo ni kiu. Udongo wa uwandani ni mchanga mwingi, na mvua inyeshapo hunywewa yote. Hakuna mto upitao juu. Kwa vizazi vingi akina mama wa Kimakonde walishuka magenge alfajiri na kuyapanda tena na vyombo vya maji kichwani. Tangu miaka ya 1950 mitambo imekuwa ikiyasukuma maji kutoka bondeni, na katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali ya Finland ilisaidia sana kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Hata hivyo, kuyapandisha maji ya Mitema hadi Newala ni kazi ya pampu, nguvu za umeme na fedha, na pampu ikisimama mwananchi hurudi kwenye ndoo.

Sasa yafaa tujiulize: mvua ile iliyonywewa na mchanga huenda wapi? Haipotei. Huzama, hupita chini kwa chini, na kutokea miguuni mwa uwanda kama chemchemi, kama zile za Ndanda. Chanzo cha Mbwinji, kinachohudumia Masasi na Nachingwea, nacho kiko chini ya uwanda huo huo. Kwa hiyo mtu wa Masasi anywapo maji, anakunywa mvua iliyoanguka uwandani. Mkazi wa Unguja aijuaye chemchemi ya Bububu hahitaji kuelezwa zaidi, kwani kisiwa chake nacho huishi kwa maji yaliyofichika ardhini.

Hatari iko katikati, kwenye mteremko. Miti ya mteremkoni ndiyo inayoushika mchanga. Ikikatwa kwa mkaa, au moto wa kusafishia shamba ukiponyoka na kupanda genge, mvua ya masika hushuka na mchanga, huchimba makorongo na kuzifukia chemchemi. Aliyekata mti yuko juu. Atakayekosa maji yuko chini, na huenda hawajuani.

Hatusemi wananchi wafukuzwe mashambani. Mkulima wa korosho hahitaji kufundishwa thamani ya mti, na mama anayepika kwa kuni hawezi kuambiwa aache bila kuonyeshwa njia nyingine. Wala hatuombi kila kilima kifanywe hifadhi ya taifa. Sheria zimekwisha kutungwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kulinda msitu wake chenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu eneo la chanzo cha maji kutangazwa na kulindwa.

Linalotakiwa ni viongozi wa Masasi na wa Newala kukaa meza moja, kwa sababu mpaka wa wilaya hauyazuii maji. Waukague mteremko pamoja, waainishe vijiji vya kuanzia, na sehemu ya malipo ya maji ya bondeni irudi kuwasaidia wanaolinda miti ya juu, kwa miche na majiko yanayotumia kuni chache. Wazee walisema milima haikutani, bali binadamu hukutana. Mtandi hautakwenda Newala. Wakuu wa wilaya hizi wanaweza kwenda, na ni heri waende kabla ya masika.