Walioomba, Waliodahiliwa na Waliomo: Lugha ya Takwimu za Udahili katika Chuo Kikuu Binafsi



1.0 Utangulizi

Kila mwaka, msimu wa udahili unapokwisha, vyuo vikuu vyetu hutoa takwimu. Chuo kimoja hutangaza kuwa kimepokea maombi elfu kadhaa. Kingine hutangaza kuwa kimedahili wanafunzi wengi kuliko mwaka uliotangulia. Cha tatu hueleza kwamba idadi ya wanafunzi wake imepanda. Wasomaji wengi huzipokea kauli hizo tatu kana kwamba zinasema jambo moja, ilhali kila moja inahesabu watu tofauti, kwa wakati tofauti, na moja kati yao huenda haihesabu watu kabisa.

Pengine mtu atauliza: mwanaisimu anatafuta nini katika shamba la wanatakwimu? Jibu ni kwamba tarakimu haijitegemei. Katika jedwali lolote, tarakimu husimama chini ya nomino au kishazi rejeshi, na ni nomino hiyo au kishazi hicho kinachoamua nani amehesabiwa na nani ameachwa. Hoja ya mhadhara huu ni kuwa makosa mengi katika usomaji wa takwimu za udahili hayatokani na kujumlisha vibaya bali na kutaja vibaya. Nimechagua chuo kikuu binafsi kwa sababu huko kosa la msamiati hugeuka haraka kuwa kosa la mishahara, la kozi na la hatima ya wanafunzi.

2.0 Chuo kikuu binafsi na uzito wa idadi

Nchini Tanzania, vyuo vikuu binafsi vilianza kuchipuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Miongoni mwa vile vya mwanzo ni Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza na Chuo Kikuu cha Zanzibar. Nchini Kenya hatua hiyo ilikuja mapema kidogo, kwani Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichopo Baraton kilipata hati yake mwaka 1991.

Vyuo vya namna hii hutegemea ada kwa sehemu kubwa ya mapato. Kwa hiyo, idadi ya wanafunzi ndiyo inayoamua wahadhiri wangapi wataajiriwa na kozi zipi zitafundishwa. Aidha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi. Kutokana na hali hiyo, mwanafunzi anaweza kuwa na nafasi chuoni lakini asijue kama ataweza kuilipia mpaka orodha za mikopo zitoke. Tukumbuke jambo hilo, kwa kuwa ndilo linalotenganisha maneno mawili tutakayoyachambua hivi punde.

3.0 Maneno manne, hesabu nne

3.1 Maombi na waombaji

Nomino hizi mbili zinatokana na kitenzi kimoja, -omba, lakini ngeli zake zinatofautiana. Tunasema "maombi 5,000 yamepokelewa" na "waombaji 5,000 wametuma maombi". Upatanisho wa kisarufi unatuonyesha kuwa katika sentensi ya kwanza tumehesabu vitu, na katika ya pili tumehesabu watu. Mtu mmoja anaweza kutuma maombi kwa vyuo vitatu. Kila chuo kitamhesabu mara moja, na hakitakuwa kimekosea. Lakini atakayejumlisha takwimu za vyuo hivyo vitatu atapata watu watatu mahali alipo mmoja.

Historia ya udahili nchini Tanzania inalidhihirisha suala hili. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011, maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwaka 2017 utaratibu ulibadilika na waombaji wakarudi kutuma maombi moja kwa moja vyuoni. Kwa hiyo, anayelinganisha idadi ya maombi ya chuo kabla na baada ya mwaka huo analinganisha vitu viwili visivyo sawa, hata kama kichwa cha safu katika jedwali hakikubadilishwa.

3.2 Waliodahiliwa

Neno -dahili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuingia. Katika matumizi ya zamani ya Kiswahili, kumdahili mtu kulikuwa kumhoji kwa undani ili kupata ukweli wa jambo. Maana zote mbili zinafaa hapa: chuo humchunguza mwombaji, kisha humfungulia mlango. Lakini kufunguliwa mlango si kuingia ndani. Aliyedahiliwa ni mtu aliyepewa nafasi. Anaweza kuwa amepewa nafasi na vyuo vingine pia, na ndiyo sababu waliodahiliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu.

Hata kigezo cha kumdahili mtu kinahitaji kusomwa pamoja na mwaka wake. Sifa ya chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0. Hata hivyo, kwa waliohitimu mwaka 2014 na 2015, alama C ilihesabiwa kuwa pointi 2, na kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2016, C ni pointi 3 na D ni pointi 2. Herufi ni ile ile, thamani yake imebadilika. Mtafiti anayechora mstari wa "wastani wa alama za waliodahiliwa" kupita miaka hiyo bila kuligusa badiliko hilo atagundua maendeleo au maporomoko ambayo hayakutokea.

3.3 Waliojisajili

Neno -sajili linatokana na jina la Kiarabu la daftari la kumbukumbu. Aliyesajiliwa ni yule ambaye jina lake limeingia daftarini baada ya kufika, kuhakikiwa vyeti na kutimiza masharti ya ada. Hapa sarufi yetu inatufundisha jambo. Tunasema amesajiliwa, na tunasema pia amejisajili. Lakini hatusemi *amejidahili. Kiambishi cha kujirejea kinakubalika katika kitenzi kimoja na kinakataliwa na kingine, kwa kuwa kudahili ni tendo la chuo peke yake, ilhali kusajili ni tendo ambalo mwanafunzi naye ana mkono.

Tofauti hiyo inatueleza mahali pa kutafuta sababu. Idadi inapopungua kutoka kwa walioomba hadi waliodahiliwa, aliyeamua ni chuo, kwa kutazama sifa na nafasi zilizopo. Idadi inapopungua kutoka kwa waliodahiliwa hadi waliojisajili, aliyeamua ni mwanafunzi, au mfuko wake umemwamulia.

3.4 Waliomo

Neno la nne ni dogo na halitumiki vya kutosha: waliomo. Hawa ni wanafunzi wa miaka yote walio chuoni katika siku moja iliyotajwa. Udahili ni kama maji yanayoingia mtungini kwa mwaka mmoja. Waliomo ni maji yaliyomo mtungini. Mwaka 2017, Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, vingi vyao vikiwa binafsi. Chuo cha namna hiyo kingeweza kuwa na udahili wa sifuri na bado kikawa na mamia ya wanafunzi madarasani. Miaka michache baadaye, zuio likiwa limekwisha kuondolewa, chuo hicho hicho kingeweza kutangaza udahili mzuri huku waliomo wakiwa wachache, kwa kuwa pengo la mwaka ule lilikuwa bado linapanda darasa kwa darasa.

4.0 Tatizo la kishazi rejeshi

Iko sababu ya kisarufi inayozidisha utata, nayo wanafunzi wa isimu wanaifahamu. Katika Kiswahili sanifu, kirejeshi kinachokaa ndani ya kitenzi huandamana na njeo ya -li-, -na- na -taka-: walioomba, wanaoomba, watakaoomba. Hakiandamani na -me-. Hatusemi *wameosajiliwa. Matokeo yake ni kwamba hali timilifu, yaani tendo lililokwisha ambalo athari yake ingalipo, humezwa na umbo la wakati uliopita.

Basi tukisoma "wanafunzi waliosajiliwa: 2,000", tunaweza kuelewa mambo mawili. La kwanza, wanafunzi 2,000 walisajiliwa wakati fulani, na huenda baadhi yao wamekwisha kuondoka. La pili, wanafunzi 2,000 wamesajiliwa na wangalipo. Lugha yenyewe haina kosa, kwani imetupa njia za kuondoa utata huo. Tunaweza kusema "ambao wamesajiliwa". Tunaweza kusema "waliokuwa wamesajiliwa hadi tarehe 30 Novemba". Kosa ni la mwandishi wa jedwali anayeacha tarehe, akidhani kitenzi kimemaliza kazi.

5.0 Mfano wa kubuni

Tuchukue chuo cha kubuni chenye shahada ya ualimu katika Kiswahili. Mwaka wa kwanza chuo hicho kilidahili watu 300, na 120 kati yao wakajisajili. Mwaka wa pili kilidahili 420, wakajisajili 126. Ripoti ya kwanza itasema: udahili umeongezeka kwa asilimia 40. Ripoti ya pili itasema: wanafunzi wapya wameongezeka kwa asilimia 5. Ripoti ya tatu itasema: kati ya kila watu 100 waliodahiliwa, waliojisajili walikuwa 40, na sasa ni 30.

Ripoti zote tatu ni za kweli, na kila moja inashauri jambo lake. Atakayesoma ya kwanza ataajiri wahadhiri. Atakayesoma ya pili atasubiri. Atakayesoma ya tatu atauliza swali lenye manufaa kuliko yote: hao 294 waliodahiliwa mwaka wa pili wasijisajili wako wapi? Wapo waliokwenda chuo kingine. Wapo waliongoja mkopo usije. Wapo waliobaki nyumbani na barua ya udahili mkononi. Jedwali linalotaja udahili pekee limewahesabu wote kuwa mafanikio ya chuo. Jedwali linalotaja usajili pekee limewafuta.

6.0 Mfano wa Kenya: neno la tano

Mambo niliyoyaeleza hayahusu Tanzania peke yake. Kenya ina neno jingine la kuongeza katika orodha yetu: waliopangiwa nafasi. Upangaji huo hufanywa na chombo cha taifa kilichotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Kuanzia mwaka 2016, serikali ilianza kuwapangia baadhi ya wanafunzi iliowadhamini nafasi katika vyuo vikuu binafsi. Mwaka huo huo, watahiniwa wa kidato cha nne waliopata wastani wa C+ na kuendelea, ambao ndio waliostahili kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 88,929, na mwaka 2017 walikuwa 70,073. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 ulikomesha kupeleka wanafunzi wapya wa udhamini huo katika vyuo binafsi.

Kwa hiyo, anayesoma takwimu za chuo binafsi cha Kenya kwa miaka hiyo hana budi kuuliza ni wangapi walioomba kwa hiari na kwa ada yao, na ni wangapi waliopangiwa. Makundi yote mawili yakiitwa "wanafunzi wapya", badiliko la sera litaonekana kama badiliko la sifa ya chuo.

7.0 Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wasidhani kuwa mjadala huu hauwahusu. Idara za lugha ni miongoni mwa za kwanza kupimwa idadi inapokuwa ndogo. Idara itakayokwenda kikaoni na neno "udahili" pekee itaweza kusifiwa leo kwa idadi ya waliodahiliwa na kufungwa kesho kwa idadi ya waliojisajili, bila mwanafunzi hata mmoja kuongezeka au kupungua kati ya vikao hivyo viwili.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tarakimu itajwe pamoja na tarehe yake. Pili, safu za jedwali zitumie nomino au vishazi vinavyohusu watu, yaani waombaji, waliodahiliwa, waliojisajili na waliomo, badala ya nomino za jumla kama udahili na maombi, isipokuwa pale ambapo kinachohesabiwa ni tendo au karatasi. Tatu, idadi ya waliodahiliwa isichapishwe kamwe bila idadi ya waliojisajili kando yake, na pengo kati yake lielezwe kwa maneno.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyuo vyetu vina madaftari, tena mengi. Kinachohitajika ni kuandika juu ya kila safu neno linalomtaja mtu halisi, ili yule aliyepewa nafasi akashindwa kufika naye apatikane daftarini. Kazi hiyo haingoji fedha wala mitambo. Inangoja mtu anayeijua lugha yake akae karibu na mtu anayejua hesabu.