Elimu ya Juu Yafaa Kuulizwa Kabla ya Kulipiwa

Katika Kinoru, mjini Meru, kama katika sehemu nyingi za mteremko wa Mlima Kenya, mzazi aliyeuza kahawa au ng'ombe mpaka mwanawe akapata shahada ya kwanza hudhani ya kuwa safari imekwisha. Kisha kijana husema kwamba angependa kurudi chuoni. Ndipo mzazi huuliza, "Kusoma nini tena?" Swali hilo ni la haki, nalo lina jibu.

Shahada ya pili na ile ya udaktari wa elimu si kurudia masomo yale yale. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hufundishwa yaliyokwisha kujulikana. Katika hizi mbili hutakiwa kuchunguza jambo lisilojulikana bado, akiongozwa na mwalimu mwenye ujuzi wa jambo hilo. Kwa hiyo chuo kimfaacho mmoja chaweza kisimfae mwingine. La kuuliza kwanza si jina la chuo, bali ni uchunguzi gani unaofanywa hapo, na nani auongozaye.

Mfano ni Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College, kikawa Chuo Kikuu kamili mwaka 1970. Pale Kabete hufundishwa kilimo na uganga wa mifugo, na huko ndiko wachunguzi walikozalisha maharagwe yaitwayo Miezi Mbili, ambayo, kama jina lisemavyo, hukomaa upesi. Kwa upande wa afya, mwaka 1980 waalimu wa chuo hicho walianza kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Huko Pumwani waligundua wanawake wachache ambao kwa miaka mingi walikuwa katika hatari ya virusi vya UKIMWI wasiambukizwe. Ujuzi huo uliwasaidia watafutao chanjo, na majaribio yakaanza Nairobi mwaka 2001. Chanjo ile haikufaulu, lakini madaktari wengi walijifunza kazi ya uchunguzi kwayo.

Mtu aliyeonyesha njia ni Wangari Maathai wa Nyeri, ng'ambo ya pili ya mlima. Alirudi kutoka Marekani na shahada ya pili, akaingia idara ya elimu ya miili ya wanyama, akasoma kwa muda huko Ujerumani, na mwaka 1971 akapata udaktari wake Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuupata. Alipokuwa akikusanya kupe wa ng'ombe kwa ajili ya uchunguzi, aliona mito imejaa udongo na mifugo imekonda. Mawazo hayo yalizaa chama cha kupanda miti, Green Belt Movement, mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ama kuhusu ada, si lazima mzigo wote uwe wa mzazi. Mwaka 1983 kituo cha uchunguzi wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilianza mpango wa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika. Mwaka 2004 vyuo vikuu 10 viliunda RUFORUM, chenye makao yake Makerere. Hutoa fedha kwa mwalimu mwenye uchunguzi wa kilimo, naye huwachukua wanafunzi wa shahada ya pili wafanye kazi hiyo pamoja na wakulima. Basi kijana hana budi kumwandikia mwalimu mapema, na kumweleza kwa ufupi swali analotaka kulichunguza.

Wala si lazima kwenda mbali. Nchiru kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Methodist kilipata yake mwaka 2006. Na kile cha Embu, mwaka 2016.

Mzazi, kabla ya kuuza ng'ombe mwingine, amwulize mwanawe mambo matatu: Utachunguza nini? Nani atakuongoza? Fedha zitatoka wapi? Ajibuye yote matatu yafaa asaidiwe. Asiyeweza kujibu na apewe muda wa kuuliza, kwani miaka iliyopotea chuoni hairudishwi kwa mavuno ya msimu mmoja.