Kafi la Mgeni na Kafi la Mvuvi

Wageni wengi wanaozuru visiwa vyetu siku hizi hawaridhiki na kulala ufukweni. Hukodi kayaki za plastiki, wakaingia nazo katika mikoko ya Michamvi maji yajaapo, wakapiga kafi kwa starehe. Hatuna neno nao. Chombo hicho nacho kilianza kwa kutafuta riziki: Wainuiti wa nchi za barafu walikiunda kwa kiunzi cha mti au mfupa, wakakivika ngozi ya sili, wapate kuwindia. Mwaka 1865 John MacGregor wa Uingereza alisafiri katika mito ya Ulaya kwa chombo cha namna hiyo, akaandika kitabu, na mchezo ukaenea. Mwaka 1936 uliingizwa katika mashindano ya Olimpiki ya Berlin.

Linalotushughulisha ni jingine. Mgeni huvikwa jaketi la kuokoa maisha kabla hajashika kafi, na ndivyo ipasavyo. Ubavuni mwake hupita mvuvi katika mtumbwi wa mwembe uliochongwa kwa tezo. Huyu huenda mbali zaidi, pengine usiku, na mara nyingi hana jaketi wala boya. Je, roho ya mwenye kutafuta kitoweo ni rahisi kuliko ya mwenye kutafuta burudani?

Tunawaomba wakubwa wanaohusika na uvuvi na utalii wakae pamoja. Sehemu ya mapato ya michezo hii inunuliwe majaketi kwa ajili ya wavuvi wa vijiji hivyo hivyo, nayo yagawiwe kabla kusi haijaanza kuvuma.