Ekzosi ya spoti: Anayenunua ni mmoja, wanaolipa ni mtaa mzima

MTAA wa Soweto, jijini Mbeya, ni jirani wa barabara kuu iendayo Tunduma hadi Zambia. Malori ya masafa hupita usiku na mchana, na wakazi wamekwisha kuizoea ngurumo yake. Lakini ipo sauti ambayo masikio hayaizoei: ya gari dogo la nyumbani lililong'olewa sailensa, likapachikwa bomba pana, likawa linabweka uchochoroni usiku wa manane. Mwenyewe huiita ekzosi ya spoti. Wiki hii tumeona tulizungumze jambo hili na wazazi pamoja na vijana wetu, kwa kuwa ndani yake mna haki za watu, na mna uhai wa watu pia.

Kwanza tuitendee haki ekzosi yenyewe. Kazi yake ni kuutoa moshi wa injini, kuusafisha na kuutuliza mlio wake. Moshi hutoka kwenye manifoldi, hupita katika masega yenye madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo huzigeuza hewa za sumu kuwa zenye madhara madogo. Kisha huingia katika sailensa, ambamo vyumba na matundu huyakutanisha mawimbi ya sauti hata yakamezana. Mfumo wa spoti uliotengenezwa kwa elimu hupanua njia na kupunguza mikunjo, injini ikapumua kwa wepesi. Katika gari lenye tabo faida yake huonekana. Katika gari la kawaida la cc 1300 au 1500, kubadili sailensa ya nyuma huongeza nguvu kidogo mno, pengine dereva asiihisi kabisa.

Huenda kijana akasema kwamba gari lake linachoka likipanda Mlima Nyoka. Ni kweli, lakini sababu si sailensa. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupungukiwa na takriban sehemu moja kati ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Upungufu huo umo katika hewa inayoingia, wala haumo katika moshi unaotoka. Hakuna bomba linaloweza kuurudisha.

Kwa hiyo kinachonunuliwa mara nyingi si nguvu, bali ni kelele. Na njia rahisi ya kuipata kelele ni kukata: sailensa inatolewa, masega yanatolewa, bomba tupu linachomelewa mahali pake. Madini tuliyoyataja yana thamani, na ndiyo maana masega yana soko. Basi mwenye gari na aulize masega yake yanakwenda wapi, na fundi akumbuke kuwa kilichotolewa chini ya gari ni amana ya mwenye gari.

Khatari kubwa zaidi haisikiki. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bomba lisipokuwa na masega huitoa kwa wingi, na kiungo kilichochomelewa vibaya huivujisha chini ya sakafu ya gari. Katika baridi ya Juni na Julai, familia hufunga vioo, watoto wakasinzia kiti cha nyuma. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikaja safarini, msifikiri kuwa ni uchovu tu. Simamisheni gari, mshuke wote mpate hewa, kisha mwahini hospitali. Katika nyanda za juu, ambako oksijeni yenyewe ni haba, sumu hiyo haina haja ya muda mrefu.

Tuje kwenye haki za jirani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inaitambua kelele kuwa uchafuzi unaowekewa viwango. Lakini Muislamu hangoji askari. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani; basi ana hali gani yule anayeutengeneza udhia kwa fedha yake, akaupitisha madirishani mwa wagonjwa, wazee na wazazi wenye vichanga?

Mzazi anayetafuta pa kuanzia mazungumzo na asome wasia wa Luqman kwa mwanawe, katika aya ya 19 ya sura iliyoitwa kwa jina lake. Mambo mawili yametajwa pamoja: mwendo uwe wa wastani, na sauti ishushwe. Baba alimuusia kijana kwa upole, akimwita mwanangu. Nasi tusianze kwa kufoka, maana kelele haiondolewi kwa kelele.

Anayeazimia kubadili ekzosi, na aifanye kwa adabu. Abadili sehemu iliyo nyuma ya masega tu, masega na sensa ya oksijeni vibaki. Sailensa iwepo. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea, ili kompyuta ya gari isiungue. Bomba lifungwe kwa gasketi mpya na raba imara, na mdomo wake uvuke bampa. Viungo vipakwe povu la sabuni kabla bomba halijapata moto, injini iwashwe, na penye mapovu yanayofura pana mvujo. Vifaa vya awali vihifadhiwe.

Kazi ikiisha, kijana amwombe mwenzake aliwashe gari baada ya swala ya Isha, naye asimame chini ya dirisha la jirani yake asikilize. Akiona angemkera mgonjwa aliyelala ndani, arudi kwa fundi usiku haujawa mkubwa. Wallahu a'alam.